"Mama na mtoto wako salama": Na nyuzi je?

Umeupokea ujumbe huo mara ngapi kwenye kundi la WhatsApp la familia? Ni kijana, kilo tatu na nusu, Mungu ni mwema, mama na mtoto wako salama. Emoji zinamiminika, mjomba aliye Nairobi anatuma kitu kidogo kwa M-Pesa, na kufikia jioni watu wamerudi kubishana kuhusu Gor Mahia. Hakuna anayeuliza swali ambalo mama mwenyewe, pale kitandani, analiwaza kila anapotaka kugeuka: nimeshonwa nyuzi ngapi, na kesho nitaendaje choo?

Leo tuongee hayo. Kama uko kwenye matatu ya kutoka Kondele na jirani yako anachungulia simu, punguza mwangaza, lakini soma. Na nyinyi wanaume msiruke ukurasa. Sehemu yenu inakuja.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu bila neno huwezi hata kumweleza nesi unaumwa wapi. Sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa inaitwa msamba. Ndiyo, ule ule wa "kupiga msamba" ambao wanasarakasi hufanya wakapigiwa makofi. Mtoto anapotoka, kichwa chake hunyoosha msamba hadi mwisho wa uwezo wake, na mara nyingi unachanika. Hii haitokei kwa wachache wenye bahati mbaya tu. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza husema hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaojifungua mtoto wa kwanza kwa njia ya kawaida hupata mkwaruzo, mchaniko au kukatwa. Kwa hivyo ukiona wasichana watano wamekaa Dunga wakila samaki na wote ni mama, hesabu mwenyewe.

Michaniko ina daraja nne. Daraja la kwanza ni ngozi tu, na pengine haihitaji hata uzi. La pili linafika kwenye misuli ya msamba, na hilo hushonwa hapo hapo wodini kwa ganzi ya sindano. La tatu linagusa ule msuli wa mviringo unaozuia hewa na choo visitoke bila ruhusa yako. La nne linapita msuli huo hadi kwenye utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Mawili haya ya mwisho si ya kushonwa harakaharaka chini ya taa hafifu. Yanataka chumba cha upasuaji, ganzi ya kutosha, mtu aliyefunzwa, dawa za kuzuia maambukizi, na dawa ya kulainisha choo baadaye. Kwa wanaojifungua mara ya kwanza, takriban 6 kati ya 100 huko Uingereza hupata daraja la tatu au la nne. Ni wachache, lakini kosa lisipotambuliwa siku hiyo hiyo, mtu anaweza kuishi miaka akivuja na kudhani amerogwa.

Mbona mwandishi wa siasa na mitaa anaingia leba? Kwa sababu hii ni siasa. Angalia nchi inahesabu nini.

Mwaka 2014, utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kuwa asilimia 62 ya akina mama Kenya walijifungua wakihudumiwa na mtaalamu. Utafiti wa 2022 ukasema asilimia 89. Hiyo ni hatua kubwa, na hapa Nyanza tunajua ilitoka wapi: sera ya kujifungua bure ya Juni 2013, kisha Linda Mama Oktoba 2016, na wale akina mama wa kijijini waliokuwa wakizalisha nyumbani, nyamrerwa, wakapewa kazi mpya ya kuwasindikiza wajawazito hadi kituoni. Serikali yoyote ingepiga picha na takwimu hiyo. Lakini swali lililoulizwa na takwimu hiyo ni moja tu: ulijifungulia mikononi mwa nani? Ukitoka hapo unakutana na hesabu ya pili, ya vifo. Sensa ya 2019 ilitoa makadirio ya akina mama 355 wanaokufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na bado tunazika. Kwa hivyo mama ana njia mbili za kuingia kwenye ripoti: azae hospitalini, au afe. Yule aliyezaa, akaishi, akaenda nyumbani akitembea miguu imeachana kama bata, hana safu yake.

Nawaelewa wanaosema tuzuie vifo kwanza, mengine baadaye. Shida ni kwamba mambo haya hayajatengana kihivyo. Mchaniko ni moja ya sababu za damu nyingi baada ya kujifungua, na damu ndiyo inayoua. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Walichofanya si miujiza: mama analaliwa chini yake na mfuko wa plastiki wenye vipimo, damu inapimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na ikizidi kiwango, matibabu yote yanaanza kwa pamoja, pamoja na kumkagua mama vizuri kuona kama kuna mahali pamechanika. Visa vya kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Rudia hiyo sehemu ya kumkagua. Mtu aliangalia. Kwa muda mrefu kuangalia kwenyewe ndiko kumekuwa kukikosekana.

Na wakati mwingine anayeangalia ndiye tatizo. Kuna sentensi ambayo karibu kila mama wa Kenya aliyezaa hospitali ya umma ameisikia, kama si yeye basi wa kitanda cha pili: "Ulipokuwa ukitengeneza mtoto hukulia." Husemwa zaidi wakati wa kushona. Ripoti ya mwaka 2007 ya FIDA Kenya na shirika la kutetea haki za uzazi iliandika waziwazi kuhusu wanawake walioshonwa bila ganzi au kabla ganzi haijashika. Baadaye ukaja mradi wa Heshima, uliowahoji wanawake 641 katika vituo 13 nchini. Mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa au kutendewa vibaya. Kisha Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma, hapa jirani tu, ikaamua kesi ya mama aliyejifungulia sakafuni mwaka 2013 na kutusiwa na manesi. Aliamriwa alipwe shilingi milioni 2.5, na mahakama ikataja heshima yake na haki yake ya afya iliyo kwenye kifungu cha 43 cha Katiba. Mama mmoja wa kawaida alisimama, akashtaki hospitali, kaunti na serikali kuu, akashinda. Mbona hukufundishwa hiyo shuleni?

Sasa usigeuze makala haya kuwa ya kuwachukia manesi. Nesi mmoja anaposhika leba usiku, akiwa na mama watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja, mikono yake miwili haiwezi kulinda misamba mitatu. Tumekuwa na mgomo wa madaktari wa siku 100 mwaka 2017, mgomo wa manesi wa miezi mitano mwaka huo huo, na mgomo mwingine wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024. Kila mara baada ya mgomo tunapewa ahadi, na kila mara wodi inabaki na watu wale wale. Pale Russia (kwa mgeni: ndiyo Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969 siku ambayo Kisumu haitaisahau) hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka karibu magharibi yote. Ukipewa rufaa kutoka kisiwa cha Mfangano na mchaniko wa daraja la nne, kwanza ni boti, halafu barabara. Fikiria kukaa kwenye ubao wa boti hali hiyo.

Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji pesa mpya. Zamani wakunga walifunzwa kukata msamba kwa makasi karibu kila mama wa kwanza, wakiamini mkato ulionyooka ni bora kuliko mchaniko. Ndiyo inaitwa kuongezewa njia. WHO, kwenye mwongozo wake wa 2018, ilisema wazi kwamba kukata kila mtu kama kawaida hakupendekezwi. Hufanywa tu pale kuna sababu, kwa mfano mtoto yuko taabani na lazima atoke haraka. Mwongozo huo huo unataja mbinu za kupunguza kuchanika: kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu kikishikiliwa kwenye msamba wakati wa kusukuma, mkono wa mkunga ukiukinga msamba na kupunguza kasi ya kichwa, na kuusinga msamba. Unapendekeza pia mama achague mkao anaoutaka, na awe na mtu wake wa karibu pembeni. Maji ya vuguvugu, jamani. Kitambaa. Hivi si vitu vya kusubiri mkopo wa benki ya dunia.

Na hapo kuna sheria ya kukulinda. Sheria ya Afya ya 2017 inasema hupewi huduma yoyote bila idhini yako baada ya kuelezwa, isipokuwa katika hali chache za dharura na nyingine zilizotajwa. Makasi ni huduma. Nyuzi ni huduma. Una haki ya kuuliza "unataka kunikata kwa sababu gani?" na kuambiwa "nimechanika daraja la ngapi?" baadaye. Jibu lake liandikwe kwenye kitabu chako cha kliniki. Najua, ukiwa kwa uchungu hukumbuki hata jina lako, ndiyo maana huyo mtu wa karibu anafaa kuwa na maswali haya kichwani. Hospitali nyingi za umma bado zinamfungia nje ati hakuna nafasi, mapazia hakuna. Pazia! Kaunti inayoweza kununua mahema ya sherehe inaweza kununua pazia.

Twende kwa pesa, maana hapo ndipo kizazi chetu kinaumia kimyakimya. Chini ya Linda Mama, mjamzito alisajiliwa na kujifungua bila kulipa mchango wa bima. Oktoba 1, 2024, NHIF ikazikwa, SHA ikaingia, na Linda Mama ikageuka Linda Jamii. Viwango vya malipo kwa hospitali vilipanda: shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hiyo ni habari njema kwa hospitali. Kwa mama ambaye hajaajiriwa, habari ni tofauti: sasa lazima awe mwanachama aliyelipa. Mwenye payslipu anakatwa asilimia 2.75 bila kuulizwa. Mwenye meza ya nyanya Kibuye anapimwa uwezo wake kwa maswali ya nyumba yako ina paa gani, halafu anapangiwa, chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi, na mpango wa awali ulimtaka atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ukiongea na mtu wa Nyalenda kuhusu 3,600 kwa mara moja atakuuliza kama umewahi kulipa kodi ya nyumba. Ndiyo serikali ikaleta mkopo wa kulipa polepole, ambao ni dalili tosha kwamba hesabu ya kwanza haikuwajua watu wake.

Sasa, hizo 10,000 ni bei ya jumla ya kujifungua. Hazibadiliki mtu akikinga msamba wako kwa subira au asipoukinga. Hazimlipi mtu akupigie simu siku ya kumi kuuliza kama nyuzi zimeshika. WHO, kwenye mwongozo wa 2022, inataka mama aliyejifungua bila tatizo akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe mara tatu zaidi: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Jiulize, kati ya mama zako wote unaowajua, nani aliyeonwa mara tatu, yeye mwenyewe? Wengi hurudi kliniki ya wiki ya sita kwa sababu mtoto anadungwa chanjo. Mtoto anapimwa uzani, anasifiwa, mama anaambiwa mstari unaofuata. Wanamvua mtoto nguo, mama anabaki amevaa zake.

Kitu kimoja kizuri ambacho watu hawakitumii: kwenye zahanati na vituo vidogo vya afya, huduma za kawaida hulipwa na hazina ya afya ya msingi. Unachohitaji ni kuwa umesajiliwa SHA, si lazima uwe umelipa mchango. Kwa hivyo siku ya saba ukihisi nyuzi hazikai sawa, usiogope kwamba utadaiwa. Nenda hapo karibu kwanza.

Na yule anayekuja nyumbani? Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wenye mikoba ya vifaa, kila mmoja akiwa na nyumba kama mia moja. Huku kwetu wazee bado wanawaita nyamrerwa. Hupima presha, huuliza mtoto ananyonya, huuliza kuhusu homa. Kama uko na mhudumu wa aina hiyo Manyatta au Obunga, mpe swali moja la kuongeza kwenye daftari lake: "Mama, unaweza kuzuia hewa na choo?" Swali hilo halitaki mashine. Linataka tu mtu asiye na aibu, na hapo sina hakika kaunti ina bajeti.

Tukitoka hospitalini, tufike nyumbani, ambako mambo yamejaa upendo na makosa. Shangazi anakuja na sufuria la maji yanayofoka kumkanda mama. Kukandwa tumbo na mgongo kwa taulo la joto kunaweza kuwa starehe, sikatai. Lakini maji moto sana kwenye kidonda kilichoshonwa ni kuunguza ngozi ambayo imeshaumia, na dawa kali za kuua vidudu zinazomiminwa kwenye beseni zinawasha na kukausha. Maji safi yanatosha. Siku za kwanza, kinachosaidia uvimbe ni baridi: barafu iliyofungwa kwa kitambaa safi, dakika chache kwa wakati. Mji huu unajua barafu. Wafanyabiashara wa mbuta hawawezi kulala kama barafu haijafika. Samaki analazwa kwa barafu, mama anachomwa kwa maji moto. Baadaye, kukalia beseni la maji ya vuguvugu kunatuliza. Paracetamol inaruhusiwa hata ukinyonyesha. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa chache, na ukijipangusa, toka mbele kuelekea nyuma, kamwe usianze nyuma.

Kuhusu choo, ambacho ndicho jinamizi lenyewe: nyuzi hazitapasuka kwa sababu ulienda haja. Kinachoumiza ni kuzuia siku tatu hadi choo kiwe jiwe. Kunywa maji, kula apoth, osuga, maharagwe, paipai, na ule uji ambao nyanya yako anakulazimisha, safari hii yuko sawa. Ukiwa chooni, kaa ukiegemea mbele, shikilia pedi safi kwenye nyuzi ili zipate kuegemea kitu. Ukishonwa daraja la tatu au la nne na ukaruhusiwa kwenda nyumbani bila dawa ya kulainisha choo, rudi uulize. Nyuzi zenyewe nyingi huyeyuka ndani ya wiki chache, usimruhusu jirani azivute.

Sasa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Nenda Obunga uulize wale wanaokaanga mgongo wazi likizo yao inaanza lini. Mama karanga anakaa kwenye kigoda kifupi, moto mbele yake, kutwa nzima, na asipokaanga leo mteja anaenda kwa jirani. Muuza omena anainama kwenye nyavu juani kuanika. Kijiti, kigoda, kuinama, kubeba beseni kichwani: kila kitu msamba mpya uliokatazwa. Dada yangu mkubwa alirudi sokoni wiki ya tatu akiwa amekalia taulo lililoviringwa kama pete, akisema ana "mgongo". Soko zima lilikuwa na mgongo mwaka huo.

Na kwenye fuo kuna jambo ambalo wengine hawataki liandikwe. Jaboya, yaani mwanamke kupata samaki kwa mvuvi kwa kubadilishana na mwili wake, bado ipo ingawa vikundi vya akina mama vimepigana nayo kwa miaka. Ushauri wa kawaida ni kusubiri hadi kidonda kipone na mama mwenyewe awe tayari, mara nyingi wiki sita au zaidi. Mwambie hivyo mama ambaye samaki wa kesho yuko mikononi mwa mwanamume asiyetaka kusubiri. Mwambie pia msichana wa kaunti ya Homa Bay, ambako utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Wao ndio mara ya kwanza, na mara ya kwanza ndiyo inayochanika zaidi.

Haya, wanaume. Nimeona vichekesho vyenu TikTok. Eti baada ya kuzaa mwanamke "hawi yule yule", eti daktari aongeze uzi mmoja wa bwana. Sikiliza. Msamba unashonwa ili misuli irudi mahali pake na kidonda kipone. Ukikazwa kupita kiasi, matokeo ni maumivu kila mnapokutana, na mke anayejifanya amelala ukiingia chumbani. Hakuna mkunga mwenye akili atakayeshona kwa ajili ya kukuridhisha, na ukimsikia mtu akikuahidi hivyo, muulize alisomea wapi. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hata mimi najua hilo.) Kazi yako ni nyepesi kuliko hiyo: chota maji, nunua pedi, mbebe mtoto akitaka kwenda choo, na usimpandishe bodaboda barabara ya mawe siku aliyotoka wodini kama kuna namna ya kupata tuk-tuk au gari. Wiki ya sita ikifika, usiweke kengele kwenye simu.

Kuna dada wengi wa rika letu wanaosema, kwa hofu ya haya yote, bora upasuaji. Uamuzi ni wa mtu na daktari wake, lakini usidanganywe kwamba ni njia ya mkato. Ni kisu cha tumbo, kinapona polepole zaidi, na kinaacha kovu kwenye mfuko wa uzazi ambalo mimba inayofuata italikuta. Afadhali kwanza udai kile ambacho ni haki yako kwenye kuzaa kwa kawaida. Kuanzia kama wiki ya 35 ya mimba unaweza kuusinga msamba mwenyewe kwa mafuta safi, dakika chache, na kwa anayejifungua mara ya kwanza kunapunguza uwezekano wa kuchanika vibaya. Muulize nesi wa kliniki akuonyeshe. Akicheka, mwache acheke, halafu uliza tena.

Dalili za kukufanya usisubiri kesho: pedi moja kujaa damu ndani ya saa moja, homa, harufu mbaya, usaha, nyuzi kufunguka, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Hizo ni za haraka.

Halafu kuna ile dalili isiyo na haraka lakini inayokula maisha: hewa inayotoka bila kujua, choo kinachochafua nguo, mkojo unaodondoka ukicheka au ukipiga chafya. Mkojo ukitiririka muda wote bila kukoma, hiyo inaweza kuwa nasuri, tundu kati ya kibofu na uke, na hospitali za kutibu zipo, ikiwemo Gynocare kule Eldoret inayojulikana kwa kazi hiyo. Ukiwa ni wa matone ukikohoa, mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, kama unayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, yanasaidia wengi. Na kama ni choo, inawezekana msuli ule wa mviringo ulichanika na hakuna aliyeuona. Hata baada ya miaka, unaweza kukaguliwa na kutibiwa.

Mama yako pia. Yule anayevaa leso mbili akienda kanisani na hukai naye muda mrefu kwenye matatu kabla aombe kushuka. Muulize polepole, mkiwa wawili. Akikubali kwenda, mkifika mapokezi msiseme "anaumwa tumbo". Semeni alichanika alipojifungua, taja mwaka, taja kinachovuja, na muombe aonwe na daktari wa akina mama.